Saa Uliyoisoma kwa Kidole

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasimamisha kalamu, kwa mazoea tu, kana kwamba utaitika marahaba kutoka kwenye kiti chako cha dirishani. Kiti bado kipo. Tumekibadilisha kitambaa, maana kile cha zamani kilikuwa kimekwisha kwenye viwiko.

Sina habari njema ya kuanzia, kwa hiyo nisikuzungushe. Macho yangu yanakwenda njia ya macho yako. Daktari amesema ni presha ya macho, ileile, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, matone ni ya kuchelewesha tu. Alinieleza polepole kama mtu anayemweleza mtoto, nami nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, huku nalijua kila neno kabla hajalitamka, kwa sababu niliyasikia yote nikiwa nimekaa pembeni yako. Sijamwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza, na nimekuchagua kwa kuwa huwezi kumwambia mwingine.

Naandika nikiwa nimeivaa saa yako. Nimeitoa kwenye sanduku, nimeifuta, nimeitia ufunguo, ikaanza kutembea palepale kama vile haikuwahi kuwekwa. Iliniudhi kidogo. Nilitaka ipate hata shida ya siku moja.

Unaikumbuka ile saa yako ya kwanza, ya kujidai? Ya rangi ya dhahabu, uliyoivaa kanisani na kwenye harusi za ndugu zetu wa Moshi. Ilikuwa na vijisaa vitatu vidogo ndani ya uso wake na vitufe viwili ubavuni. Vile vijisaa havikuwahi kutembea hata siku moja, vilikuwa vimechorwa. Vile vitufe ukivibonyeza vilizama na kurudi, basi, hakuna kilichotokea. Mzee Shomari, yule fundi saa aliyekaa na meza yake ya kioo barazani mbele ya duka letu pale Kariakoo, alipoifungua mara ya kwanza alicheka mpaka lenzi ikamdondoka jichoni.

"Mangi," alikuambia, maana pale mtaani kila Mchaga mwenye duka ni Mangi, "hii saa imevaa suti lakini haina kazi."

"Iache," ukamjibu. "Mbona wewe umevaa kanzu na huna kazi, nani amekusema?"

Mlikuwa hivyo siku zote, wewe na yule Mzaramo wako, na mimi nimekaa juu ya robota la vitenge nawasikiliza nikijifanya nakunja vitambaa. Siku macho yalipoanza kukusumbua ulimficha kila mtu ila yeye. Ulimwambia kwamba mishale ya saa yako ni myembamba mno, imekuwa kama unywele. Hakukucheka siku hiyo. Alikuuliza, "Sasa Mangi, wewe unataka kuiangalia saa, au unataka watu wakuangalie wewe na saa?" Ukaivua ile ya dhahabu ukamwachia. Akakupa nyeupe ya uso mpana, namba nyeusi kubwa, kama wanazovaa manesi. Ulitembea nayo muda mrefu. Ilipokushinda akakupa nyingine yenye mishale minene inayowaka gizani, kwa kuwa giza ndilo lililokuwa linakuzunguka. Nayo ikakushinda.

Halafu nikaja mimi na busara zangu. Nilikwenda Mtaa wa Kongo nikanunua saa inayosema. Ukiibonyeza, mwanamke wa Kizungu anataja saa kwa sauti. Nilifurahi nayo kama mtu aliyegundua dawa. Tatizo lilianza palepale mezani, kwa sababu yule mama alitaja saa za kwao na sisi tuna za kwetu. Akisema kumi, ulitakiwa ujue mwenyewe kwamba ni saa nne.

"Huyu mama anataka nimfanyie hesabu kila ninapotaka uji," ulisema.

Kumbe ilikuwa pia inasema yenyewe kila saa inapotimia, bila kuulizwa. Tukaenda nayo msibani, kwa jirani pale Ilala, na watu walipoinamisha vichwa kwa sala ya kimya yule mwanamke akaropoka. Uliifunika kwa kiganja. Akaendelea kusema chini ya kiganja. Vijana wa nyuma walijikaza wasicheke na wengine wakashindwa. Tuliporudi nyumbani uliiviringisha kwenye soksi ukaisukuma mwisho wa droo, na kwa miezi ikawa inatutangazia saa kutoka humo, nami nikipita naijibu, "Asante bibi, tumesikia." Ulicheka. Lakini jioni hiyo ya msiba uliniambia jambo ambalo sikulielewa vizuri mpaka mwaka huu. Ulisema, "Mwanangu, mimi nikitaka kujua saa ngapi, iwe siri yangu. Kipofu kila kitu anaulizia mbele za watu."

Hapo ndipo Mzee Shomari alipoipata hii. Ilikuwa kwenye mfuko wa saa kuukuu zilizotoka ng'ambo, na mwanzoni aliona ni mbovu, kwa sababu kioo chake kilifunguka kama kifuniko cha sufuria. Aliigeuzageuza, akafumba macho, akaweka kidole ndani, na nikamwona anatabasamu peke yake. Akakuita dukani. Hakukueleza chochote, alikupa tu mkononi.

Sijawahi kukuona ukikitazama kitu kama ulivyoitazama saa ile kwa vidole vyako, nawe ulikuwa huoni chochote kufikia hapo. Ulizungusha kidole ukingoni ukakuta vinundu, kimoja kila saa, na juu kabisa pembetatu ndogo iliyoinuka ili ujue pa kuanzia. Uligusa mishale ukashangaa kwamba haiyumbi. Ni mifupi, minene, imeshikiliwa barabara ili kidole kisiisogeze. Uliuliza mshale wa sekunde uko wapi, akakuambia haupo, ungeukwaza kila ukigusa, na wewe sekunde za nini, unakimbia riadha? Uliuliza betri. Hakuna betri. Betri inakufa bila kuaga, lakini hii unaitia ufunguo mwenyewe kila asubuhi, kwa hiyo unajua mwenyewe kama imeshiba. Hakuna kitu ndani yake kilichowekwa kwa ajili ya mtu mwingine wa kuangalia. Ilikuwa mbaya, tuseme ukweli. Kijisahani cha chuma chenye kifuniko.

"Nikuwekee saa za kwenye simu, au saa za mdomoni?" Mzee Shomari alikuuliza.

"Za mdomoni," ulisema. "Mimi sina tena macho ya kutafsiria."

Akaisogeza mishale. Ile pembetatu ya juu ikawa saa kumi na mbili yetu, ya kunakucha na ya kunakuchwa, na kinundu kinachofuata kikawa saa moja kweli, si saa saba ya kugeuzwa kichwani. Kilichokutwa na kidole ndicho kilichotamkwa na mdomo.

Baada ya hapo ulinyooka mgongo, Baba. Sijui kama ulijua. Ulikuwa unaamka bila kuamshwa, unaweka matone yako kwa wakati bila sisi kukukumbusha, unafungua redio taarifa ya habari ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Ulirudi dukani. Ulikaa juu ya robota, mahali pangu, ukipapasa vitenge na kuwaambia wateja kipi kitachuja. Wapagazi walikuwa wakikupitia makusudi na mizigo kichwani, wanakuuliza, "Mangi, saa ngapi?" Unafungua kifuniko, unagusa, unafunga. "Saa tisa na robo. Haya nendeni kazini." Wenye macho wakimuuliza saa kipofu, na wewe ukijibu kwa maringo yote ya Kilimanjaro. Sijaona furaha ya namna ile tena katika nyumba yetu.

Kaka Elia alikuja kutoka Moshi na mikungu yake ya ndizi. Unamjua mwanao, mkono wake hautulii. Alikaza bomba la jikoni, akapigilia mguu wa meza, akafungua feni akaifunga ikiwa mbovu kuliko alivyoikuta. Asubuhi moja ulikuwa bafuni na saa iko mezani. Aliifungua akaona mshale mfupi uko kwenye mbili. Kwa sisi tunaoona, mshale ukiwa kwenye mbili ni saa nane, ndivyo tulivyozoea wote, macho yanaona hili na mdomo unasema lile bila hata kufikiri. Na nje ilikuwa asubuhi mbichi, saa mbili. Akaona saa ya Baba imepotea. Akaizungusha ikawa sawa na simu yake, akairudisha mezani, akatoka kwenda Buguruni kutafuta spea za gari. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona kama ni jambo la kusema.

Uliivaa. Ukanywa chai, ukasinzia kwenye kiti. Ulipoamka nyumba ilikuwa kimya, mimi nikiwa bado dukani, nawe ukagusa. Ilikuwa saa sita mchana. Kidole kikakuta pembetatu. Saa kumi na mbili.

Ulinisimulia baadaye, mara moja tu, na sikukuomba urudie. Ulidhani jua limezama. Ulidhani chakula cha mchana kimepita sikuja, matone yamepita sikuja, na kwa kuwa sikuwahi kutokuja, ukajua nimepatwa na jambo huko Kariakoo. Ukachukua fimbo ukashuka ngazi peke yako, ngazi zile ambazo hata mimi nazishuka nimeshika ukuta. Ulipofika chini jua likakuchoma kichwani. Ukasimama. Ukafungua kifuniko tena, ukagusa tena, jioni. Ukainua uso, mchana. Na katika vitu hivyo viwili hukuitilia shaka saa hata kidogo, kwa sababu saa haikuwahi kukudanganya. Ulijitilia shaka wewe.

Ikabidi uulize. Kijana wa mihogo ya kuchoma alikuwa karibu. "Mzee, si saa sita hii? Jua la utosi lote hili hulioni?" Kisha akaiona fimbo, akasema samahani mzee wangu, samahani sana, akakuletea kiti chake.

Nilikukuta hapo, nimebeba hotpoti ya chakula. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha muuza mihogo na kidole kiko ndani ya saa. Ulitambua hatua zangu. Uliniambia, "Mwanangu, akili imeniruka. Nimeamka jioni, nikashuka nikakuta mchana."

Jioni Kaka Elia alipoeleza alianza kwa kucheka, halafu akaona hakuna anayecheka. "Si nilikuwa nasaidia tu, Baba?" Ukamwambia, "Umesaidia, mwanangu. Asante." Na ulimaanisha, hilo ndilo linaloniuma. Mtu akikutendea ubaya unaweza kumfukuza. Huyu alikutendea wema, na mpaka leo hajui alichokivunja. Sikuwahi kumwambia. Ningemwambia nini?

Tuliirudisha saa kama ilivyokuwa. Mimi mwenyewe niliisogeza mishale ukiishikilia. Lakini tangu siku hiyo kila asubuhi kabla hujaivaa uliita, "Kuna mtu ameigusa?" Tunajibu hapana, hakuna. Unaivaa, unaondoka hatua chache, unarudi. "Hata kuisogeza kidogo?" Hapana, Baba. Mpaka asubuhi moja uliivua ukanipa mkononi. "Saa ya kuulizia watu kama iko sawa," ulisema, "si bora niwaulize hao watu saa?"

Hukuivaa tena. Ukakaa dirishani. Ukawa unauliza saa ngapi, nasi tunakujibu kwa upendo, tena tunashindana nani akujibu kwanza, na kila jibu lilikuwa linakupunguza kidogo. Sauti yako ya kuuliza ikawa ndogo. Mwisho hukuuliza tena, ulingoja kuambiwa. Watu husema ulikufa kwa kifua. Mimi nilikuwepo, najua kifua kilikuja kumalizia tu.

Sasa ni zamu yangu. Kwangu yameanza pembeni. Katikati bado naona, ndiyo maana naandika, lakini pembeni pamezibwa kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Mkokoteni ukitokea ubavuni siuoni mpaka mpagazi apige kelele nipishe, na mmoja ameshanigonga nyonga. Nilimtukana, maskini, yeye ndiye aliyekuwa na haki. Watu ninaofahamiana nao tangu utoto wananisalimia kutoka pembeni nawapita. Mtaani wanasema Mama Upendo siku hizi ana maringo, amejenga, hasalimii watu. Nimeliacha neno hilo litembee. Afadhali waseme naringa.

Mahali pa Mzee Shomari sasa wanauza makava ya simu. Alikufuata muda si mrefu. Saa zimejaa Kariakoo, zimemwagwa kwenye turubai kama dagaa, na nyingi ni zile za vijisaa vya kuchorwa. Hakuna wa kumuuliza, na vijana wote saa wanaziona kwenye simu. Simu ina uso laini kama kioo cha dirisha. Kidole hakipati pa kushika.

Nilidhani nikiivaa saa yako nitapata moyo. Sikupata. Nimekuwa nikijifungia nyuma ya marobota, nafumba macho, nafungua kifuniko, nagusa. Kidole changu ni kizito. Ninachokisoma sicho ninachokiona nikifumbua. Mara nasoma kinundu cha jirani, mara nauchukulia mshale mrefu kuwa mfupi. Siku ile ulipokuwa unajifunza uliniambia, "Usibonyeze. Gusa kama unavyogusa uso wa mtoto aliyelala, hutaki aamke." Nilijaribu kwa mzaha, nikakosea, tukacheka, nikaenda kumhudumia mteja. Ningejifunza ya nini, nilikuwa na macho.

Naogopa, Baba. Giza lenyewe nimeshaanza kulizoea kwa pembeni. Naogopa nyumba. Naogopa mikono yenye huruma. Upendo, mjukuu wako, amekuwa mwanamke mzima, ndiye anayeendesha duka siku ninazosema naumwa kichwa, na amerithi mkono wa mjomba wake pamoja na moyo wake. Hakuna mtoto mwema kuliko yeye mjini hapa. Akijua, hatanichelewesha hata kikombe cha maji. Atanishika mkono kwenye ngazi, atanikatia nyama, atanijibu saa ngapi kabla sijauliza. Nitaisha kama wewe, nikiwa napendwa sana.

Jana niliivua nikaiacha juu ya friji, nikaingia kuoga. Leo mchana nimekaa kwenye kiti chako, nimefumba macho, nimegusa. Kwa mara ya kwanza kidole kilikuwa chepesi. Nilikikuta kinundu vizuri kabisa, bila kubahatisha, na mshale mfupi uko juu yake, saa mbili. Nikafumbua. Ni kweli mshale ulikuwa kwenye mbili. Lakini kwenye zulia jua lilikuwa la saa nane.

Nikamwita. "Upendo, umeigusa saa hii?"

"Eeh, mama," akajibu kutoka jikoni. "Ilikuwa imepotea kabisa. Nimekuwekea sawa na simu."

Nikamwambia asante, mwanangu. Nimeyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu na sauti yako, Baba, ileile ya kumjibu Kaka Elia.

Nilitaka kuirudisha mwenyewe, kwa kidole. Nikafumba macho tena, nikauvuta ufunguo, nikazungusha, nikahesabu vinundu, nikapotea, nikaanza upya. Nilipofumbua, mshale haukuwa kwenye saa zao wala zetu. Na mtu pekee wa kuniambia nimekosea wapi ni wewe.

Nilipoinua kichwa Upendo alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo begani. Sijui alikuwa hapo tangu lini, maana alikuwa pembeni. Aliniangalia mimi, akaiangalia saa yenye kifuniko wazi.

"Mama," akasema, "mbona ulikuwa umefumba macho?"

Nimemwambia aniache niandike kitu kidogo, tutaongea. Amezima jiko. Amekaa hapo kwenye kochi, hata simu hajaishika. Nadhani anamkumbuka babu yake. Karatasi inaisha na sijui nikimaliza nitaanza na neno gani, maana nikisema, itakuwa kweli.

Basi pumzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba yako, ambako hakuna wa kukuuliza wala wa kuulizwa. Ulizoea kuwaambia wageni kwamba huna shida, macho yako umeyaazima kwangu. Nimeyatunza nilivyoweza.

Ni mimi, binti yako,
macho yako ya zamani.